Kabla Hujauliza, Umeshajibiwa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana, wa kike na wa kiume, baada ya futari. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa ili na wewe msomaji upate faida.)





Vijana wakiitwa kuzungumziwa habari ya intaneti, huwa wanajua watakachoambiwa: msitazame picha mbaya, msipoteze wakati. Hayo ni kweli, yamesemwa na yatasemwa tena. Lakini leo nataka tushike jambo moja ambalo halisemwi sana, nalo ni hili. Zamani wewe ndiye uliyekuwa ukiutafuta mtandao. Siku hizi mtandao ndio unaokutafuta wewe. Ulikuwa unauliza, halafu unajibiwa. Sasa unajibiwa hata kabla hujauliza.

Basi hebu tutazame jambo hili lilianza vipi, linafanya kazi namna gani, linaelekea wapi, na wewe kijana ufanye nini.

TULIKOTOKA

Walio na umri kidogo hapa wanaikumbuka saiba. Ulikuwa ukilipa kwa dakika. Kabla ya mwaka 2009, kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari, intaneti yetu ilikuwa ikipitia kwenye setilaiti, ghali na ya pole pole. Kwa hivyo mtu alikuwa akiingia saiba na swali lake tayari, pengine ameliandika kwenye karatasi. Akikaa, anauliza, anapata alichopata, anaondoka. Hakuna aliyekuwa na pesa za kukaa pale akingoja kompyuta imletee inachotaka yenyewe.

Na mitambo ya kutafutia nayo ilianza hivyo hivyo, kwa swali. Mwaka 1990 kijana mmoja kutoka Barbados, Alan Emtage, akisoma Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, alitengeneza programu iliyoitwa Archie. Kazi yake ilikuwa kutafuta majina ya mafaili tu. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Stanford huko Marekani, Jerry Yang na David Filo, wakaanzisha Yahoo. Hiyo ilikuwa kama orodha ya maktaba: watu waliketi wakazipanga tovuti kwa mafungu, michezo huku, habari kule.

Halafu mwaka 1998 wakaja Larry Page na Sergey Brin, nao pia wa Stanford, na Google. Wazo lao lilikuwa jepesi kulielewa. Tovuti moja ikiielekeza nyingine, wakahesabu hiyo ni kama kura. Tovuti yenye kura nyingi kutoka kwa tovuti zenye heshima hupanda juu. Ni kama mtu mgeni mtaani akiuliza fundi cherehani mzuri ni nani. Akitajiwa jina moja na watu kumi, na watano kati yao ni wazee wanaoaminika, atakwenda kwa huyo.

Ukitazama hapo utaona kwamba mtambo haukuwa na habari na wewe. Ulijua tovuti, haukukujua wewe. Mtu wa Lamu na mtu wa London wakiandika neno moja, majibu yao yalikuwa karibu sawa.

MTAMBO UNAANZA KUKUKUMBUKA

Sasa, neno moja lina maana nyingi. Chukua neno "simba". Mmoja anataka mnyama, wa pili anataka matokeo ya klabu ya Dar es Salaam, na wa tatu anajenga, anataka bei ya saruji. Mtambo utajuaje? Wataalamu wakasema: tukikumbuka alichouliza jana, tutakisia anachotaka leo.

Mwaka 2005 Google ilianza kufanya hivyo kwa wale waliokuwa na akaunti zao. Mwezi wa Desemba 2009 ikapanua jambo hilo kwa kila mtu, hata asiye na akaunti. Ilikuwa ikiweka kijifaili kidogo ndani ya kompyuta yako na kupitia hicho inatazama ulichokuwa ukitafuta kwa muda wa hadi siku 180. Watu wengi hawakujua lolote. Siku hiyo iliingia ikapita kama siku nyingine.

Tuseme haki hapa, manake haifai kumtia mtu hofu isiyokuwa na msingi. Mwaka 2011 mwandishi wa Kimarekani, Eli Pariser, alitoa kitabu akionya kwamba kila mtu atafungiwa ndani ya povu lake, haoni ila anachokipenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, wakaenda kupima. Mwaka 2013 walieleza kuwa katika majibu ya Google, kiasi cha asilimia 11.7 kwa wastani ndiyo yaliyotofautiana kati ya mtu na mtu kwa sababu ya kutambuliwa, na kilicholeta tofauti hasa kilikuwa mahali mtu alipo na kuwa ameingia kwa akaunti yake. Kwa hivyo ukurasa wa kutafutia haukubadilika sana kama ilivyodhaniwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa mlango mwingine.

MLANGO WA MAPENDEKEZO

Wewe umewahi kusimama kwenye duka la mtaa ukatazama mwenye duka anavyofanya kazi? Mtu akiagiza unga wa ngano, hamira na iliki, mwenye duka haulizi, anajua hapo kuna mahamri. Basi atamwambia, "Na tui la nazi je? Na mafuta?" Ameshawaona wateja mia wakinunua vitu hivyo pamoja.

Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, liliifanya hekima hiyo kuwa hesabu ya kompyuta mwaka 1998, na mwaka 2003 wataalamu wake wakaieleza hadharani. Hesabu yenyewe inatazama vitu: walionunua hiki walinunua na kile. Ukigusa hiki, unaletewa kile. Kompyuta haina haja ya kujua mahamri ni nini. Inajua tu kwamba vinafuatana.

Njia hiyo ikatoka kwenye maduka ikaingia kwenye nyimbo, filamu, habari, na hata mawaidha. Mwaka 2012 YouTube ikabadilisha kipimo chake. Mwanzoni ilikuwa inahesabu watu wangapi wamefungua video. Ikaanza kuhesabu wametazama kwa muda gani. Fahamu maana yake vizuri: video iliyo bora kwa mtambo ni ile inayokufanya ubaki. Iwe ya kweli au ya uongo, iwe inakufaa au haikufai, hayo mtambo haukuyaweka kwenye mizani ile. Mwaka 2018 mkuu mmoja wa YouTube, Neal Mohan, alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu wanatumia humo unatokana na video zilizopendekezwa na mtambo. Yaani katika kila saa moja, zaidi ya dakika 40 mtu anatazama kile alichowekewa mbele yake.

Halafu kampuni ya Kichina ya ByteDance, iliyoanzishwa na Zhang Yiming mwaka 2012, ikaja ikamaliza kazi. Katika TikTok huna haja hata ya kuwa na rafiki mmoja wala kuandika neno moja. Unafungua, video inaanza. Ukiitazama mpaka mwisho, umesema "ndiyo". Ukiipitisha haraka, umesema "hapana". Ukirudia, umesema "niletee zaidi". Kidole chako ndicho ulimi wako. Mtu anaweza kukaa pale saa nyingi, kutoka taraweh hadi karibu na daku, na hajauliza swali hata moja.

Wenyewe waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2010 Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa Google wakati huo, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba kwa maoni yake watu wengi hawataki Google iwajibu maswali. Wanataka iwaambie wafanye nini baadaye. Tafakari maneno hayo.

FAIDA ZIPO

Mtu ataniambia, "Sasa ubaya uko wapi? Si ni rahisi?" Kweli, faida zipo na hatuzikatai. Mama anayeuza chakula hujifunza mapishi mapya ambayo hakujua yapo. Kijana wa Form Four anayetafuta hesabu za logarithimu akipata mwalimu mmoja mzuri, analetewa na masomo mengine kumi ya mwalimu huyo. Fundi wa pikipiki anaona mwenziwe wa India akifungua injini ile ile. Mtu hawezi kuuliza kitu asichojua kuwa kipo, na hapo pendekezo linasaidia.

Lakini kila kitu kina bei yake. Nitataja mambo matatu.

LA KWANZA: MTAMBO UNAMJUA MTU WA JANA

Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ndiyo maana nimelitanguliza.

Mapendekezo yote yamejengwa juu ya yaliyopita: ulichobonyeza, ulichotazama, mahali ulipokuwa, saa ngapi ulikuwa macho. Mtambo hauna njia nyingine. Unakisia kesho yako kutokana na jana yako.

Sasa chukua kijana aliyekuwa akicheza kamari kwenye simu. Mnawajua, wako mitaani kwetu, na wengine mshahara wote umekwenda huko. Siku moja anaamua basi, imetosha. Ameweka nia, amefuta ile programu, pengine amemwambia mkewe au mamake. Rafiki zake wanaona amebadilika. Lakini simu yake haina habari. Inamfahamu kama mtu wa kamari, na itaendelea kumletea matangazo ya kamari, video za watu walioshinda, ubashiri wa mechi za Jumamosi. Anafungua simu atazame matokeo ya mpira tu, anakutana na yale aliyoyakimbia. Ni kama mtu aliyeacha kutafuna miraa, halafu kila akitoka nyumbani jirani anamngoja mlangoni na fungu.

Jambo hili halikufanywa kwa chuki. Ni hesabu tu. Lakini huyu ndugu yetu anahitaji watu wanaoamini kwamba anaweza kuwa mtu mwingine, na hesabu ile haiwezi kuamini. Inaweza kukumbuka tu. Tuko katika mwezi ambao kila mmoja wetu ana kitu anataka kukiacha. Jiulize na wewe: nikikiacha, simu yangu itajua?

LA PILI: ANAYELIPA NI NANI?

Mwenye duka wa mtaani unamlipa wewe. Akikudanganya leo, kesho utakwenda duka la pili. Mtambo wa kutafutia humlipi, si ndiyo? Basi nani analipa? Mwenye matangazo.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Katika maandishi yao ya mwaka 1998 walipoieleza Google, Page na Brin wenyewe walionya kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo utaelemea kwa wanaotangaza na kuwaacha wanaotafuta. Miaka miwili tu baadaye, Oktoba 2000, Google ikafungua biashara ya matangazo, na hiyo ndiyo iliyoitajirisha. Sisemi walikuwa wanafiki. Nasema walijua hatari iliko, na sisi tuijue vile vile.

Kwa hivyo ukiletewa kitu ambacho hukukiuliza, uliza swali hili dogo: hiki kimekuja kwa sababu kinanifaa mimi, au kwa sababu kinamfaa aliyelipa?

LA TATU: SIRI ZAKO

Mtu huuliza mtambo mambo ambayo hawezi kumuuliza hata ndugu yake wa tumbo moja. Maradhi ya aibu, deni, ugomvi wa ndoa, mashaka ya moyoni. Saa nane za usiku, peke yako, unadhani ni wewe na simu tu.

Mwezi wa Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani iliweka hadharani maswali kiasi cha milioni 20 yaliyoulizwa na watu wapatao 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Nia ilikuwa kuwasaidia watafiti. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa nambari. Wakadhani hiyo inatosha. Waandishi wa New York Times wakachukua nambari moja, wakasoma maswali yake, hili la mji wake, lile la jina la ukoo, jingine la maradhi, na baada ya siku chache wakabisha hodi mlangoni kwa mama mmoja mtu mzima. Alikuwa ni yeye. Hakuna aliyemtaja, maswali yake ndiyo yaliyomtaja.

Wengine mtasema, "Mimi hutumia ule mlango wa faragha wa kwenye Chrome." Ndugu yangu, ule unamficha mtu kwa mwenziwe anayetumia simu au kompyuta ile ile. Kwa tovuti unazozitembelea, hilo ni jambo jingine. Mwaka 2020 watumiaji walikwenda mahakamani Marekani kuhusu jambo hilo, na mwaka 2024 Google ikakubali kuharibu kumbukumbu nyingi sana zilizokusanywa watu wakiwa ndani ya mlango huo.

TUNAKOELEKEA

Haya yote bado ni mwanzo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, watu wameanza kuacha kutafuta orodha ya tovuti. Wanauliza, wanapewa jibu moja lililokamilika, kwa lugha nzuri, kama mtu anazungumza nawe. Mwezi wa Mei 2024 Google nayo ikaanza, huko Marekani, kuweka jibu la akili bandia juu ya orodha yake. Mwaka huo huo wa 2024 ChatGPT ikaanza kuwekewa kumbukumbu, ikukumbuke kutoka mazungumzo hadi mazungumzo.

Unganisha hayo mawili uone njia inakoelekea. Mtambo unaokukumbuka, na unaotoa jibu moja. Ile orodha ya zamani, hata kama ilipangwa kwa upendeleo, ilikuwa na milango kumi. Ulikuwa ukiona kwamba watu wametofautiana, ukalazimika kupima. Jibu moja lililoshonwa kwa kipimo chako halikulazimishi kupima chochote.

Na jibu zuri si lazima liwe sahihi. Katika siku zile za kwanza za Mei 2024, mtu mmoja aliuliza afanye nini ili jibini isiteleze kwenye piza. Jibu lililoandikwa juu kabisa likamshauri atie gundi kwenye mchuzi. Mtambo ulikuwa umeokota mzaha wa mtu wa miaka mingi nyuma ukauona ni elimu.

Kwa gundi tunacheka. Lakini chukua baba mwenye kisukari, anayetumia sindano za insulini, anauliza kwenye simu kama anaweza kufunga. Hilo si swali la kuchekesha. Sukari ikishuka mno, mtu anaweza kuzirai, na hata kufa. Jibu lake linategemea dawa zake, kipimo chake, hali ya figo zake. Huyo anahitaji daktari anayemtibu, na anahitaji sheikh anayeweza kumtazama usoni akamuuliza maswali mawili matatu kabla ya kumjibu. Ona tofauti hiyo: mtu mwenye elimu hukuuliza wewe kwanza. Mtambo hukisia.

WEWE UFANYE NINI?

Sikuja kuwaambia mvunje simu zenu. Nimekuja na mambo machache mnayoweza kuyafanya usiku huu huu kabla ya kulala.

1. Anza na swali. Kabla ya kufungua simu, jiambie unatafuta nini. Ukikipata, funga. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukaa tu unalishwa.

2. Safisha kumbukumbu. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google utaona mahali palipoandikwa mambo uliyoyafanya, na unaweza kuyafuta, au kuyaweka yajifute yenyewe kila baada ya miezi 3, 18 au 36. Katika YouTube, ukizima historia ya ulichotazama na kuifuta, ukurasa wa kwanza hubaki mtupu mpaka wewe utafute. TikTok nayo mwaka 2023 iliweka njia ya kuanza upya, mapendekezo yakawa kama ya mtu aliyejiunga leo. Yule ndugu yetu aliyeacha kamari, aanzie hapo. Na kwenye sehemu ya matangazo ya Google, achague kupunguziwa matangazo ya kamari. Nimesema kupunguziwa, hayaishi yote.

3. Uliza mara mbili, mahali pawili. Tafuta jambo moja kwenye simu yako, halafu kwenye simu ya mwenzio asiyefanana nawe, tuseme mamako au kaka yako. Linganisheni. Nusu saa ya zoezi hilo itakufundisha kuliko maneno yangu yote.

4. Jua haki yako. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo una haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kusahihishiwa zikiwa na makosa, na kupinga zisitumiwe. Habari za mtoto hazifai kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Na kama uamuzi wenye uzito juu yako umefanywa na kompyuta peke yake, kwa mfano kunyimwa mkopo, sheria hiyo inakupa njia ya kutaka uamuzi huo utazamwe upya. Iko ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamiko. Haki usiyoijua ni kama haki uliyonyimwa.

5. Tudai zaidi. Huko Ulaya, sheria yao ya huduma za kidijitali imezilazimu kampuni kubwa, tangu mwishoni mwa Agosti 2023, kumpa mtumiaji njia angalau moja ya kupata mapendekezo yasiyotokana na kumchunguza yeye. Ikiwa yawezekana kule, kwa nini isiwezekane hapa? Nyinyi mnaosomea sheria, na nyinyi mnaosomea kompyuta, hiyo ni kazi yenu. Msingojee wengine.

6. Na wazazi waliopo hapa, msiwaulize watoto tu "umetazama kwa muda gani?" Waulizeni pia, "Leo umetafuta nini?" Mtoto akikosa jibu, basi mjue alikuwa hatafuti; alikuwa akitafutwa.

MWISHO

Ndugu zangu, mitambo hii itaendelea kuwa hodari. Itatujua zaidi, itakisia vizuri zaidi, na itatuondolea taabu nyingi. Tuitumie. Lakini taabu moja tusikubali kuondolewa, nayo ni taabu ya kuuliza. Mtu anapouliza amekiri kwamba kuna kitu hakijui, na anataka kutoka alipo aende mahali pengine. Huo ndio mwanzo wa elimu, na ndio mwanzo wa kubadilika. Mtambo unaokujibu kabla hujauliza unakuacha pale pale ulipokuwa jana, umestarehe.

Basi kesho ukiamka kwa daku na mkono ukienda kwenye simu, usiache ikuamulie. Iulize wewe.

Namuomba Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, na kila aliyeweka nia ya kuacha jambo amsaidie aliache. Maswali tutayachukua sasa, na asiyeweza kuuliza mbele ya watu anifuate pembeni. Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.